Bismarck Alipokwenda Kuoga: Historia ya Bad Gastein

Kila mwalimu wa historia Tanzania analijua jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani. Tunalifundisha sekondari pamoja na Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na ile meza iliyozungukwa na mabwana wenye masharubu. Baada ya miaka mingi ya kuliandika jina hilo ubaoni, nilitamani kumjua mwenye jina akiwa mbali na meza yake: aliugua nini, alipumzika wapi, nani alikuwa pembeni yake wakati wa mapumziko. Ndivyo nilivyofika Bad Gastein, mji mdogo wa Austria uliopo katika bonde jembamba kusini mwa Salzburg, chini ya milima ya Hohe Tauern.

Kutoka Salzburg treni huchukua kama saa moja na nusu. Reli iliufikia mji mwaka 1905, na mwaka 1909, handaki la Tauern lenye urefu wa zaidi ya kilomita 8 lilipofunguliwa, ikapenya mlima hadi upande wa pili. Kabla ya hapo mgeni alipanda gari la farasi na kupita korongo la Klamm, ambalo ndilo mlango wa bonde. Hata makaizari walipita huko huko.

Mji wenyewe umejengwa mahali ambapo mjenzi mwenye busara angepakataa. Mto Ache unaporomoka katikati yake kwa hatua tatu, jumla ya mita 341, na kando zote mbili mahoteli ya ghorofa nyingi yameng'ang'ania genge. Nyumba nyingine unaingilia ghorofa ya juu na kuteremka kwenda chini. Nilisimama kwenye daraja lililo mbele ya maporomoko, miwani ikalowa kabla sijasoma kibao cha maelezo, na mwenzangu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu ilimbidi apaze sauti ndipo nimsikie. Watu wamelala na kelele hiyo kwa karne nyingi, na wapo waliolipa fedha nyingi ili walale nayo.

Waliyafuata maji moto. Mji una chemchemi zaidi ya 15, na kwa siku moja hutoa takriban lita milioni 5 za maji yanayofikia nyuzi 46 hivi, kwa hiyo hayaogeki mpaka yapozwe. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezizoea chemchemi za salfa za Amboni, ambazo pua huzifikia kabla ya macho. Nilitarajia harufu ya namna hiyo Gastein, nikakinga maji kwenye kikombe na kunywa. Hayana harufu wala chumvi. Ni maji matupu, yenye moto.

Hata hivyo sifa zake ni za kale. Karne ya 15 alikuja kuoga hapa Friedrich, mtawala wa ukoo wa Habsburg aliyekuja kuwa Kaizari Friedrich III. Karne iliyofuata bonde lilipata utajiri wa dhahabu, na ukoo wa Weitmoser uliomiliki migodi ukawa na nguvu kuliko makabaila wengi wa eneo hilo. Dhahabu ilipopungua, maji yakabaki. Mwaka 1750 alikuja mama yake Mozart, miaka kadhaa kabla ya kumzaa mtoto huyo. Kati ya 1791 na 1794 Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg, yule yule aliyegombana na Mozart, alijenga jumba la kuogea linaloitwa Badeschloss. Mwaka 1830 maji yakapelekwa kwa mabomba ya mbao hadi Hofgastein, kilomita kadhaa chini ya bonde, ili nako kupate riziki. Fikiria kazi ya kuyatoboa mashina ya miti moja baada ya jingine, kuyaunganisha, na kuhakikisha maji yanafika yakiwa bado ya moto.

Lakini kilichonipeleka ni uwanja wa Straubinger, kando kabisa ya maporomoko. Ni mdogo, ukitembea taratibu unaumaliza kwa dakika moja. Ukoo wa Straubinger ulikuwa na nyumba ya wageni hapo kwa vizazi vingi, na ndani ya nyumba hiyo, tarehe 14 Agosti 1865, Bismarck wa Prusia na Gustav Blome wa Austria walitia saini Mkataba wa Gastein. Mwaka mmoja kabla, Prusia na Austria zilikuwa zimeipiga Denmark na kuinyang'anya majimbo. Sasa zikagawana utawala: Prusia ikachukua Schleswig, Austria ikachukua Holstein. Jimbo dogo la Lauenburg likauzwa moja kwa moja kwa Prusia kwa thala za Denmark milioni 2 na nusu. Wakazi wake hawakuulizwa. Mkataba haukudumu hata mwaka: Juni 1866 majirani hao wawili walikuwa vitani, na Julai jeshi la Austria likavunjwa huko Königgrätz.

Nilisoma habari hizo nikiwa uwanjani, na nakiri moyo ulinienda mbio. Nchi kugawanywa na wageni, eneo kuuzwa pamoja na watu wake: hayo nimeyafundisha maisha yangu yote kama masaibu ya Afrika. Hapa palikuwa na watu wa Ulaya waliotendewa vivyo hivyo na mtu yule yule, miaka 20 kabla ya zamu yetu kufika. Simaanishi kwamba mizani ni sawa. Watu wa Lauenburg hawakuchapwa viboko mashambani, wala hawakuzikwa kwa makumi ya maelfu kama wazee wetu wa Vita vya Majimaji. Ila mkono ulikuwa umekwisha kuizoea kazi.

Bismarck alirudi Gastein mara kwa mara. Agosti 1879 alikutana hapa na Andrássy, waziri wa mambo ya nje wa Austria na Hungaria, na Oktoba muungano wa dola hiyo na Ujerumani ukakamilika. Mfalme wake, Wilhelm I, aliyekuwa kaizari wa Ujerumani tangu 1871, alikuja karibu kila majira ya joto ya uzee wake na kukaa Badeschloss. Njia aliyopenda kutembea hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ni mkono wa mzee huyo uliotia saini, tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, hati ya ulinzi kwa kampuni ya Karl Peters juu ya Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami. Agosti 1886, akiwa na miaka 89, alikuwa tena Gastein, Bismarck akiwa karibu. Vuli hiyo hiyo Ujerumani na Uingereza zikakubaliana kumwachia Sultani Barghash wa Zanzibar ukanda wa maili 10 tu wa mwambao. Desturi ya kufuata hewa na maji kwa ajili ya afya Wajerumani waliileta hata kwetu: huko Wugiri, Usambara, walijenga sanatorio ya wazungu waliochoshwa na homa za pwani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi waligundua kuwa maji ya Gastein yana radoni, gesi yenye mnururisho. Katika miaka ya 1940 huko Böckstein, juu kidogo ya mji, watu walichimba tena mlima wakitafuta dhahabu. Dhahabu ya maana hawakuipata, bali wachimbaji walisema maumivu ya viungo yamepungua. Leo kitreni huwaingiza wagonjwa ndani ya handaki walilochimba watu hao, wakalala vitandani katika joto na unyevunyevu. Madaktari bado wanabishana juu ya faida na hatari yake.

Uwanja wa Straubinger wenyewe nusura ufe. Majumba yake yalikaa matupu kwa miaka, madirisha yamevunjika, hadi mwaka 2017 serikali ya jimbo la Salzburg iliponunua matatu kati yake ili yasianguke. Hoteli ya Straubinger na Badeschloss zilifunguliwa upya mwaka 2023.

Mwalimu mwenzangu, utakapofika kwenye mada ya kugawanywa kwa Afrika, usiishie Berlin. Chora ubaoni na Gastein, uandike kando yake 14 Agosti 1865, kisha waambie wanafunzi bei ya Lauenburg.