Matamshi ya R katika Kiingereza

Matamshi ya R katika Kiingereza ni mojawapo ya tofauti kubwa zinazotenganisha lafudhi za lugha hiyo. Tofauti inahusu R inayotanguliwa na irabu bila kufuatwa na irabu nyingine, kama katika maneno "car" (gari) na "card" (kadi). Wasemaji wengine huitamka. Wengine huiacha, na mara nyingi hurefusha irabu iliyo mbele yake. R inayofuatwa na irabu, kama katika "red" (nyekundu), hutamkwa na wote.

Historia

Zamani R ilitamkwa kila mahali ilipoandikwa, na ndiyo maana tahajia bado inaionyesha. Baadaye ilidhoofika kusini mwa Uingereza. Mwaka 1791 John Walker, mtunzi wa kamusi ya matamshi, alieleza kwamba mjini London R katika maneno kama "bard" ilikuwa imebaki karibu urefu wa irabu tu. Katika karne ya 19 matamshi bila R yakawa ndiyo ya watu wa tabaka la juu nchini Uingereza.

Uenezi

R hutamkwa Uskoti, Eire, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani. Huachwa katika sehemu kubwa ya Uingereza yenyewe, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Hata hivyo kuna maeneo yanayotofautiana na majirani zao:
* kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako wazee hasa bado hutamka R;
* eneo la Southland nchini Nyuzilandi, lililokaliwa na wahamiaji wengi kutoka Uskoti;
* Boston na New York nchini Marekani, ambako lafudhi ya jadi huacha R.

Kwa wanaoacha R, maneno "father" (baba) na "farther" (mbali zaidi) hutamkwa sawa. Lakini R hurudi neno linalofuata likianza na irabu, kama katika "far away" (mbali sana). Wengine huingiza R hata mahali ambapo haikuandikwa: "law and order" (sheria na utulivu) husikika kama "lor and order".

Hadhi katika jamii

Sauti hiyohiyo hupewa hadhi tofauti kulingana na mahali. Uingereza, kutamka R mara nyingi huhusishwa na wakulima na watu wa mashambani. Marekani, hasa tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuiacha ndiko kulikopoteza heshima.

Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alichunguza jambo hili katika maduka matatu makubwa ya New York. Aliwauliza wafanyakazi 264 mahali pa bidhaa aliyojua iko "fourth floor" (ghorofa ya nne), kisha akajifanya hakusikia ili warudie jibu. R ilisikika zaidi katika Saks, duka la matajiri, Macy's likafuata, S. Klein, duka la bei nafuu, likawa la mwisho. Wengi waliporudia kwa uangalifu, R iliongezeka. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1966, ulionyesha kwamba tofauti za matamshi hufuata mpangilio wa kijamii, wala si uzembe wa msemaji.

Athari katika Kiswahili

Kiswahili kilipokea maneno mengi ya Kiingereza kutoka kwa Waingereza walioacha R, na baadhi yake yanahifadhi matamshi hayo: kadi, shati, sketi, baa, gia na nesi, ambayo kwa Kiingereza yote huandikwa kwa R. Neno "lori" limebaki na R kwa sababu katika Kiingereza inafuatwa na irabu. Si maneno yote yanayofuata kanuni hiyo. "Daktari", kwa mfano, lina R.