UZI: "Ana leseni" si jibu. Historia fupi ya kubeba bunduki Kenya

1. Kila msimu wa siasa ukianza, video ni ileile. Mkutano wa hadhara au mazishi, vurugu inazuka, mtu anachomoa bastola kiunoni. Jioni haijafika na mtandaoni tumeshagawanyika. Hawa: "Ana leseni, mwacheni!" Wale: "Anyang'anywe leo leo!" Sitataja mtu wala chama kwa huu uzi. Nataka tuangalie swali lenyewe, kwa sababu pande zote mbili huwa zinaruka historia.

2. Hoja yangu naitoa mapema. Leseni inajibu swali moja tu: nani. Lakini sheria ya bunduki hapa kwetu, tangu enzi za mkoloni, huuliza maswali matatu: nani, silaha gani, na iko wapi au inapelekwa wapi. Mwenye bunduki asiyejua hilo swali la tatu anaweza kuvunja sheria akiwa na cheti halali mfukoni.

3. Kwanza tuitoe Marekani mezani, maana lazima kuna mtu atailetea comments zake. Wamarekani wana marekebisho ya pili ya katiba yao, ya 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha. Sisi hatuna kitu kama hicho. Soma Katiba ya 2010, Sura ya Nne yote. Hakuna haki ya kumiliki bunduki hapo.

4. Kinachopatikana ni Kifungu cha 37. Kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamishi kwa serikali, "kwa amani na bila silaha". Hayo maneno matatu, "na bila silaha", watu huyapita mbio. Haki yako ya kuwa kwenye mkutano imeandikwa pamoja na sharti la kuacha silaha. Bunduki ni ruhusa. Na ruhusa hutolewa, huwekewa masharti, na huchukuliwa.

5. Hiyo ruhusa ilitoka wapi? Turudi 1890. Mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba ambao, pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, ulizuia silaha za kisasa kuingia Afrika. Walichora eneo kwenye ramani, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kenya yote imo ndani.

6. Angalia utaratibu wao. Silaha zikiingia zinawekwa kwenye ghala linalosimamiwa na serikali. Mtu binafsi akipewa moja, ni lazima itiwe alama na iandikishwe. Kibali kinabeba jina la mwenyewe na alama ya silaha. Kinadumu miaka 5, kinaweza kuongezwa, na kinafutwa mwenyewe akiitumia vibaya. Na ni lazima awe mtu wa kuaminika kwamba hatampa mtu mwingine.

7. Sasa chukua cheti cha bunduki cha Kenya ya leo. Jina la mwenyewe. Aina na nambari ya silaha. Kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Muda wa kwisha. Kinafutwa akikosa kustahili. Haruhusiwi kumpa mtu asiye na cheti. Ni zaidi ya miaka 130 baadaye na mifupa ya sheria ni ileile.

8. Lakini tusijidanganye kuhusu nani alikuwa anaaminika. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha utumwa. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliachiwa gobori, huku Mzungu akiingia na Maxim. Wanandi walipigana na hao watu kwa miaka kama kumi, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye kile kilichoitwa mkutano wa amani. Baadaye masetla wakakaa na bunduki majumbani, na mfanyakazi wao haruhusiwi hata kushika.

9. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Hapa ndipo mambo yalikuwa moto. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na silaha za kutosha, wakawa wanajitengenezea: bomba la maji ndiyo mtutu, komeo la mlango, vipande vya mpira, na kitako cha mbao. Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakaondoka na bunduki na risasi. Serikali ilishtuka sana.

10. Jibu la mkoloni lilikuwa kufanya kupatikana na silaha, au hata risasi, kuwa kosa la kunyongwa. Soma tena: kupatikana nayo. Hukuhitaji kumpiga mtu. Zaidi ya Wakenya 1,000 walinyongwa miaka hiyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Risasi moja kwenye mfuko wa koti ilitosha kukupeleka kitanzini.

11. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufunzwa shule. Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani? Wengi watasema uasi, au mauaji. Hapana. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kisheria, shujaa wetu mkubwa alikufa kwa kosa la kubeba bunduki.

12. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa anatoka msituni kujisalimisha. Yaani kesi nzima iligusa lile swali la tatu: silaha ilikuwa inaelekea wapi, na kwa nia gani? Mahakama haikumwamini. Leo sanamu yake imesimama katikati ya Nairobi, na imeshika bunduki.

13. Wakati huohuo wa Hali ya Hatari, mwaka 1953, ndipo ilitungwa sheria tunayoijua kama Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Uhuru ulikuja 1963, bendera ikabadilishwa, sheria ikabaki. Imerekebishwa mara nyingi, ila msingi ni uleule: huna silaha mpaka serikali iseme unayo sababu nzuri, na kwamba wewe kuwa nayo si hatari kwa umma.

14. Kuna watu uhuru haukuwaondolea Hali ya Hatari. Desemba 1963, siku chache tu baada ya sherehe, ilitangazwa upya kaskazini mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita viliisha 1967. Sheria zile za dharura zilikaa huko hadi 1991. Kwa zaidi ya robo karne, kijana wa Wajir na kijana wa Nairobi hawakuwa wanaishi chini ya sheria moja.

15. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, katika operesheni ya kutafuta bunduki. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji. Walipigwa, wakauawa. Serikali ilikubali vifo 57. Walionusurika wamesema kila mara kwamba waliokufa ni wengi zaidi ya hao, mamia hadi maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya kwenye ripoti yake ya 2013.

16. Kwa hivyo ukiskia mtu wa kaskazini au wa bonde la Kerio anashtuka akisikia neno "kunyang'anya silaha", usimjibu kwa emoji ya kucheka. Anakumbuka. Mwenzangu wa darasa anayetoka Baringo aliniuliza swali ambalo bado nalo: "Polisi wako mbali nusu siku, wezi wa mifugo wako nyuma ya kilima. Wewe ungekabidhi yako kwanza?"

17. Hizo bunduki hazikuota kama uyoga. Idi Amin alipoanguka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na bunduki zikavuka mpaka kuingia kwa Wapokot na Waturkana. Serikali ya Somalia ikavunjika 1991, njia nyingine ikafunguka. Ndiyo maana nchi za ukanda huu zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi 2004: silaha ziwekwe alama, ziandikishwe, na zifuatiliwe zinapopita. Tena tunarudi pale pale: iko wapi, inaenda wapi.

18. Leo mchungaji akipatikana na AK-47 anakabiliwa na kosa linaloweza kumpa kifungo cha maisha. Wakati huohuo kuna mtaa Nairobi ambapo mtu mwenye biashara nzuri ana bastola yenye cheti, na akiichomoa kwa kilabu kinachofuata ni gumzo la wiki moja. Mimi siseme AK ihalalishwe. Nasema aliyepewa ruhusa ndiye anapaswa kuijua sheria kuliko mtu yeyote, kwa sababu ameaminiwa kwa jambo ambalo wengine walinyongewa.

19. Haya, upande wa pili pia una hoja, tuutendee haki. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate. Raia wenye leseni walikuwa kati ya wa kwanza kuingia kuokoa watu, kabla vikosi maalum havijafika. Kuna watu wako hai leo kwa sababu yao. Ukitaka kubishana kuhusu bunduki za raia Kenya bila kutaja hiyo siku, hujakamilisha hoja.

20. Lakini siku hiyohiyo ilionyesha hatari yenyewe. Jengo lina moshi, kuna watu wa nguo za kawaida na bastola mkononi, na askari anayeingia hawezi kujua nani ni mwema. Hata vikosi vya serikali vyenyewe vilipigana risasi na afisa wa polisi akafa. Kama wenye redio na sare walichanganyana, wewe na bastola yako kwenye umati wa mkutano utatambuliwaje?

21. Sasa kwa vitendo. Kama una cheti, au unamtetea mwenye cheti, haya ndiyo ya kujua. Cheti kinafungamana na silaha ile na wewe. Bastola ya mume si ya mke, ya bosi si ya dereva. Ukimwachia dereva gari na bunduki iko ndani, fikiria vizuri nani anayo kisheria. Askari akikuitisha cheti, unatakiwa kukitoa. Na kila mwaka kinafanywa upya. Cha mwaka jana ni karatasi tu.

22. Kuitunza ni wajibu wako kila saa, nyumbani na njiani. Chini ya kiti cha gari kwa parking ya supamaketi si mahali salama. Ikipotea au ikiibiwa, unaripoti polisi mara moja, kwa sababu ikitumika kesho kwa wizi, nambari yake inarudi kwa jina lako. Na mtu wa tabia ya ulevi hastahili cheti kabisa. Kwa hivyo ile ya "alikuwa amelewa kidogo tu" haimsaidii, inammaliza.

23. Kusafiri nayo: uwanja wa ndege unaitangaza kwa maafisa kabla ya ukaguzi, haiingii na wewe kwa kiti. Mpaka wa Busia au Namanga, cheti cha Kenya kinaishia hapo. Ng'ambo ni nchi ya watu na sheria zao, na hata kuitoa hapa kunahitaji kibali chake. Kuna mtu atavuka akiwa na bastola kwa dashibodi kwa mazoea, alale ndani.

24. Na mkutano wa siasa, ambao ndio ulileta uzi huu: sheria ya utulivu wa umma inakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano bila mamlaka halali. Weka hiyo kando ya Kifungu cha 37. Aliyepewa bastola ajilinde yeye na biashara yake hakupewa kazi ya kulinda jukwaa. Ukiona ameichomoa, usiulize "ana leseni?" peke yake. Uliza: sababu aliyoandika akiomba ilikuwa gani, na hapa anafanya nini nayo?

25. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya. Kuna waliolalamika kwamba ni kusumbua watu. Sawa, ukaguzi unaweza kutumika kisiasa, na hilo tulipinge likitokea, iwe anayeumia ni wa mrengo wako au wa ule mwingine. Lakini ukaguzi wenyewe si uonevu. Ulikuwa ndani ya ruhusa tangu mwanzo.

26. Kwa hivyo tukikutana tena chini ya video ingine, na tutakutana, tuanzie hapa: kanuni moja kwa wote. Mheshimiwa, mlinzi wake, mfanyabiashara, na mchungaji wa Tiaty. Nani, silaha gani, wapi. Kama tunaiuliza tu kwa wale hatuwapigii kura, basi bado tuko 1953, tumebadilisha tu aliyekaa kwa kiti.

27. Uzi umeisha. Kama unajua mtu ana bunduki ya leseni, mtumie, hasa nambari 21 hadi 24. Na kama uko na hoja tofauti, leta, lakini leta na kifungu. Matusi hapana.