Moto, Mwanga na Umri: Historia Fupi ya Misitu ya Mitarakwa katika Milima ya Afrika Mashariki

Mtarakwa, uitwao pia mwangati, ni mti wa asili wa kundi la misonobari unaotawala miteremko mikavu ya milima ya Afrika Mashariki, hasa kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Katika jenasi yake, ndio spishi pekee ambayo makazi yake ya asili yamevuka ikweta kuelekea kusini, hadi Malawi na Zimbabwe.

Muundo wa msitu huu una kitendawili. Juu husimama miti mikubwa, mingine ikikaribia mita 40, ambayo mara nyingi umri wake unakaribiana. Chini yake hustawi podo, mizeituni mwitu na miti mingine ya majani mapana. Miche ya mtarakwa wenyewe ni haba: wazee wapo, watoto hawapo. Wimbush alilijadili suala hili mwaka 1937, alipoandika kuhusu mfuatano wa uoto katika misitu hiyo nchini Kenya. Mche wa mtarakwa huhitaji mwanga, na mwanga hupatikana pale moto unapofungua msitu. Gome la mti huu ni jembamba, hivyo moto uleule unaouua mti mzima ndio unaoandaa mahali pa mbegu zinazosambazwa na ndege. Kwa hiyo msitu mkongwe wa mitarakwa ni kumbukumbu ya moto wa zamani, wala si ushahidi wa utulivu wa tangu na tangu.

Wavunaji wa kikoloni hawakuutazama hivyo. Huko Shume, Usambara Magharibi, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha mbao Neu-Hornow na kuteremsha shehena kwa njia ya kamba za chuma hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mbao hizo laini, zenye harufu nzuri, zilifaa kwa penseli. Walidhani wamepata akiba; kumbe ilikuwa akiba ya kizazi kimoja tu, kisicho na mrithi chini yake.

Baadaye Waingereza walipanda misaipresi yenye asili ya Meksiko, pamoja na misonobari ya kigeni. Vidukari vya msaipresi vilivyogunduliwa Malawi mwaka 1986, na Kenya mwaka 1990, havikuiacha hata mitarakwa.

Uhifadhi nao umerithi kitendawili kilekile. Moto ukizuiwa kabisa, majani mapana huchukua nafasi. Ukirudi mara kwa mara, miche hufa kabla ya kuzaa mbegu.