Dawa iliyoua mgonjwa mmoja kati ya ishirini

Kila mara utafiti wa dawa unatajwa mu kikundi chetu, kuna mwenye kuandika: "Wanatufanya kobaye." Woga huo una mizizi mu historia, tusiucheke. Lakini historia ya ugonjwa wa usingizi inatuonyesha upande mwingine: mtu anaweza kubaki kobaye miaka na miaka juu hakuna aliyejisumbua kumtafutia dawa bora.

Sisi wa agronomia tunamjua mbung'o, ile nzi ya tsetse, kama adui wa ng'ombe. Kwa mtu, kijidudu anachoacha kinatoka mu damu polepole mpaka kinafika mu ubongo. Mgonjwa analala mchana, usiku hapati usingizi, akili inamponyoka. Bila dawa, karibu wote wanakufa.

Tangu 1949, aliyefika hatua ile alichomwa melasoproli, dawa yenye arseniki. Wagonjwa walisema ni moto mu mishipa. Iliponyesha wengi, ila karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Munganga alijua hesabu hiyo na alichoma tu, juu hakuwa na kingine. Miaka zaidi ya 50 ikapita hivyo. Kwa nini? Wagonjwa walikuwa wakulima na wavuvi wa vijiji vya mbali, watu wasio na franga za kununua dawa mpya. Mu miaka ya 1980 kampuni Hoechst ya Ujerumani ilikuwa na feksinidazoli mkononi, ikaiacha.

Eflonitini ilikuwa salama zaidi, lakini ilidai seromu 56 kwa siku 14. Kituo gani cha afya cha kijijini kitaweza? Watafiti wakaichanganya na nifutimoksi, wakaijaribu mu Kongo zote mbili. Seromu zikashuka mpaka 14. Mwaka 2009 OMS ikaweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya dawa za lazima.

Kisha shirika DNDi likafufua feksinidazoli. Kuanzia 2012, minganga wetu, pamoja na Daktari Victor Kande, waliifuatilia kwa wagonjwa 394 wa Kongo na Afrika ya Kati. Kisha miezi 18, mchanganyiko wa seromu ulifaulu kwa watu 98 juu ya 100, vinini vipya kwa 91. Hawakuficha tofauti hiyo. Walisema wazi: vinini vinamezwa siku 10, na chakula, juu mwenye njaa dawa haimuingii vizuri, lakini mwenye ubongo ulioshambuliwa sana apewe seromu. Usalama wa mgonjwa njo huo: kujua dawa inamfaa nani, na nani haimfai. Mwisho wa 2018 Kongo ikaikubali.

Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliandikwa mu Afrika. 2018 hawakufika 1,000. Dawa haikufanya kazi hiyo peke yake: kulikuwa pia na timu za kupima kijiji kwa kijiji, na mitego ya mbung'o.

Basi siku utafiti utafika kwenu, uliza: dawa hii inalinganishwa na nini? Mgonjwa ameelezwa mu luga yake? Akikataa, bado atatunzwa? Nani anahesabu walioumizwa? Wakikosa jibu, una haki ya kukataa. Wakijibu vizuri, kumbuka wale waliochomwa arseniki miaka 50 bila mtu kuwaulizia.