Mgeni wa Peke Yake Mjini Osaka

Mtu akifika leo katika mji wa Osaka, Japani, akiwa peke yake na begi lake moja, hapati taabu ya mahali pa kulala. Hulipa, hupewa ufunguo, huvua viatu na kujilaza. Haulizwi mwenzake yuko wapi. Wengi wetu tukisikia hayo husema: ndivyo Wajapani walivyoumbwa, wakarimu tangu enzi za mababu.

La hasha. Tuitazame historia.

Katika enzi ya watawala wa ukoo wa Tokugawa, iliyoanza mwaka 1603, barabara kuu ya Tokaido iliunganisha Edo, ambayo leo ni Tokyo, na mji wa Kyoto. Njiani palikuwa na vituo 53, na safari ya miguu ilichukua wiki mbili hivi. Mabwana wakubwa walikuwa na nyumba zao maalumu za kufikia. Makabwela walilala katika nyumba za wageni zilizoitwa hatago, mara nyingi chumba kimoja na watu wasiowafahamu.

Aliyesafiri peke yake alitazamwa kwa jicho baya. Pengine ni mwizi. Pengine ni mtoro. Pengine ataugua na kufia humo, na mzigo wote umwangukie mwenye nyumba. Mgeni naye alikuwa na hofu zake: kuibiwa, kuvutwa kwenye kamari, au kusumbuliwa na wanawake walioitwa watumishi wa chakula, kumbe wamewekwa pale wauze miili yao.

Aliyetafuta dawa hakuwa mfalme wala waziri. Alikuwa mfanyabiashara wa Osaka, Matsuya Jinshiro. Mwaka 1804 kikaanzishwa chama kilichokuja kujulikana kama Naniwa-ko. Naniwa ni jina la kale la Osaka. Nyumba iliyokubali masharti ya chama ilitundika kibao mlangoni, na msafiri alibeba kitambulisho cha uanachama. Kamari marufuku, umalaya marufuku, ulevi wa kelele marufuku. Mwenye nyumba akajua anampokea nani, na mgeni akajua anaingia wapi.

Miaka 175 baadaye, mwaka 1979, mji ule ule wa Osaka ulifungua hoteli ya kwanza ya vyumba vya kapsuli, iliyobuniwa na msanifu Kisho Kurokawa. Kila mgeni alipata kijumba cha kujilaza, urefu wa mita 2 hivi, upana na kimo kama mita 1, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Wateja wake wakubwa walikuwa wafanyakazi wa ofisini waliokosa treni ya mwisho. Mtu aliyeshukiwa zamani kwa kuwa peke yake, sasa alijengewa hoteli kwa sababu hiyo hiyo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa anamwogopa mgeni, na mgeni hawezi kulala ikiwa anamwogopa mwenyeji. Watu wa Osaka hawakungoja tabia njema ishuke kutoka mbinguni. Walikaa, wakaandika masharti, wakatundika kibao, na aliyekubali kibao akatakiwa kukiheshimu. Ukarimu tunaousifu leo ulianza kama makubaliano ya watu waliokuwa wakiogopana.

Nasi wenye nyumba za kulala wageni, tunapomwona mtu amesimama mapokezi peke yake usiku, tujiulize: kibao chetu kinamwahidi nini?