Kibaba cha Petroli Angani

Nilikulia Nakuru, na kwetu rubani Beryl Markham alitajwa kama jirani, maana alikulia Njoro, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki peke yake ndani ya ndege ya Vega Gull yenye usajili wa Kenya, VP-KCC. Matangi ya ziada yaliyojaa chumbani mwa ndege hayakuwa na geji. Alijua tu kila tangi lingedumu saa ngapi. Injini ikizima, alipapasa gizani kufungua bomba la tangi linalofuata. Baada ya saa 21 na ushei, injini ilizima isiwake tena, akatua kwenye matope ya Nova Scotia. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mwisho.

Wakati ule mafuta yalihesabiwa kwa saa. Mwaka 1927 rubani Charles Lindbergh alichora mistari ya penseli kwenye paneli ya vyombo vyake ili asipoteze hesabu, safari nzima ya saa 33 na nusu hadi Paris. Kisha ikaja ndege ndogo ya Piper Cub, J-3, na kipimo ambacho bado nakiheshimu: boya ndani ya tangi la galoni 12, na waya uliochomoza kupitia kifuniko, mbele ya kioo. Waya ukizama, tafuta pa kutua. Lakini waya ule ulionyesha kilichobaki tu. Injini inakula kiasi gani kwa saa, haukusema.

Leo ninafanya kazi ya ufundi wa ndege Wisconsin, jimbo ambako Paul Poberezny alianzisha chama cha wanaojiundia ndege, EAA, mwaka 1953. Katika magereji ya huku, swali hilo la injini kula kiasi gani kwa saa hujibiwa na sensa ndogo. Petroli inapita ndani yake, inazungusha kigurudumu, na kila mzunguko unatoa mapigo ya umeme. Sensa aina ya FT-60 huanza na hesabu ya mapigo 68,000 kwa galoni.

Namba hiyo ni ya kuanzia tu. Ndege ya kwanza niliyoifungia sensa, niliiweka karibu mno na kona ya bomba, na petroli inayoingia ikivurugika huharibu hesabu. Tulijaza tangi mara tatu, kila mara ndege ikisimama mahali palepale hadi alama ileile. Kwa jumla pampu ilisema galoni 60, skrini ya rubani ikasema 57. Galoni 3 zilikuwa zimeteketea bila kuhesabiwa: kwa injini inayokula galoni 8 kwa saa, hizo ni zaidi ya dakika 20 za kuruka. Nikazidisha 68,000 kwa 57, nikagawa kwa 60, nikaingiza 64,600.

Wauzaji wa nafaka wa pwani ya Kenya walipima kwa kibaba na pishi, na kibaba chenyewe kilipaswa kuaminika kwanza. Sensa nayo ni kibaba. Haingeyeyusha barafu ya Markham, ila rubani wa leo ana haki ya kujua alichonacho. Ndugu unayeunda ndege yako, usiiamini namba ya kiwandani. Jaza, andika, linganisha na pampu, na urudie kila unapogusa mabomba.