KABLA 4G HAIJAFIKA MVUMI, TV ZA CHOGO ZILIZIMWA KWANZA

Binti mmoja kapanda gari ya Mvumi kutoka Dodoma mjini. Anatuma vyeti vyake vya maombi ya kazi, mwisho ni leo saa sita usiku. Mjini simu ilisoma 4G. Gari linavyozidi kuacha mji inakuwa H+, halafu E, faili linazunguka tu. Wadau, usilaumu simu haraka. E ni 2G, H+ ni 3G, na simu ikikosa mtandao wa juu inashuka kwenye wa zamani.

4G ya biashara ilianza Desemba 2009, kampuni ya TeliaSonera ilipowasha LTE Stockholm na Oslo. Ila kulikuwa na utata. Kwa vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, LTE ile ilikuwa haijafikia hadhi ya 4G. Mwishoni mwa 2010 ITU wakalegeza, jina likaruhusiwa. Yaani 4G ilipitishwa kwa huruma kidogo, hahaha.

Bongo haikuchelewa sana. Smile waliwasha Dar 2012, Tigo 2015, Vodacom 2016. Lakini ona, kila mmoja anaanzia Dar. Ni hesabu tu. Masafa ya juu kama 1800 MHz hayaendi mbali na yanachoka kwenye kuta. Mjini sio shida, minara imebanana. Huku Mvumi nyumba zimetawanyika, katikati mashamba, mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, na wateja wake wengi wananunua bando la jero. Kampuni gani itakimbilia huko?

Dawa ilikuwa masafa ya chini, kama 700 MHz, yanayofika mbali zaidi kwa mnara uleule. Tatizo yalikuwa na mwenyewe: televisheni za analojia.

Mnakumbuka 31 Desemba 2012? Mitambo ya analojia ilizimwa Dar, na mapema 2013 ikafuata mikoa mingine, Dodoma ikiwemo. Watu walilalamika kweli, TV ya chogo inafanya kazi vizuri halafu unaambiwa bila king'amuzi huoni kitu. Na wapo waliokaa gizani muda mrefu, hilo lisifichwe. Ila nafasi iliyokuwa inaliwa na chaneli moja ya analojia, dijitali inabeba chaneli kadhaa. Nafasi ikabaki. Mwaka 2018 TCRA wakapiga mnada masafa ya 700 MHz, yakaingia kwenye intaneti ya simu.

Masafa peke yake hayajengi mnara. Ndio maana kuna UCSAF, mfuko wa mawasiliano kwa wote, unaozipa kampuni ruzuku ziende kusikolipa. Mei 2023, hapo hapo Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini nchi nzima.

Turudi kwa binti. Kashuka Mvumi saa mbili usiku, simu imesoma 4G tena, faili limefika asilimia sitini. Mara mama mkubwa anapiga kuuliza kafika wapi. Sasa 4G haikuja na ile njia ya zamani ya sauti, na simu yake haina VoLTE, kwa hiyo ili ipokee lazima ishuke kwanza 3G au 2G. Data inasimama.

"Nimefika mama, nakuja."

Anakata. Alama inasoma E, na faili linaanza upya.